Pikapu Inayozimia Matulo

Mara ya tano pikapu ilipozima, Waruguru hakusumbuka kupiga stata. Aliiacha iteleze yenyewe mpaka ikatoka kwenye lami, akavuta breki ya mkono, akabaki ameshika usukani kama mtu anayeendesha. Ilikuwa Ijumaa, saa mbili na nusu asubuhi. Nyuma alikuwa amebeba kabichi za Kachibora zilizopita kingo za gari. Wanawake wa soko la Bungoma walikuwa wakimngoja, na aliwajua: ikigonga saa nne hajafika, wangenunua kwa mwingine, naye angezunguka mjini mchana kutwa na mzigo unaonyauka.

Ilikuwa Matulo tena, kilomita chache kabla ya Webuye. Alikuwa ametoka Kitale vizuri, Kiminini akapita vizuri, Kamukuywa akapita akianza hata kuimba. Halafu, baada ya Misikhu, gari likaanza kukosa nguvu. Ukikanyaga mafuta linajikokota, linatetemeka mara mbili tatu, kisha linanyamaza.

"Mulembe, Mama Kibe. Imekataa tena?"

Alikuwa mzee Khaemba, karani mstaafu wa idara ya kilimo, ambaye shamba lake la miwa lilipakana na barabara. Alikuja na gambuti zake miguuni na kofia mkononi, akafungua boneti bila kuombwa. Alibonyeza ile pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya filta ya dizeli. Ilizama, ikakataa kurudi juu.

"Unaona? Haipati mafuta," alisema. "Ni kama mtu amekabwa koo."

"Na tangi liko na mafuta, mzee. Nimeweka jana."

"Basi tungoje. Hii gari inataka kubembelezwa, bana."

Mkewe Khaemba, Nanyama, alikuwa ameshaona kutoka nyumbani. Alishuka na birika la chai na viazi vitamu ndani ya sahani iliyofunikwa, kama alivyofanya mara zile nyingine nne. Waruguru alikunywa akiwa amesimama. Hakuweza kukaa. Alizunguka gari, akakagua magurudumu yasiyo na tatizo, akatazama barabara, akatazama jua.

"Keti, dada," Nanyama alimwambia. "Ukizunguka hivyo gari itapona?"

Baada ya nusu saa Khaemba alibonyeza tena ile pampu, na safari hii ilirudi juu yenyewe. Akapampu mpaka ikawa ngumu. Waruguru akapiga stata, injini ikawaka mara moja, ikanguruma kama ambayo haijawahi kuugua. Alifika Bungoma saa nne na dakika ishirini. Nusu ya kabichi alirudi nazo.

*

Mwaka huo ulikuwa 2006. Hadi mwaka uliotangulia, mwenye pikapu na mwenye barabara alikuwa Gathii, mumewe Waruguru. Gathii alikuwa ameendesha magari miaka ishirini na miwili, malori kwanza, kisha pikapu yake mwenyewe, na Kitale walimjua kama mtu anayeweza kusikiliza injini na kukuambia inaumwa wapi. Kisha akaanguka kutoka juu ya lori la mahindi, akavunjika nyonga ya kushoto. Mguu uliunganika, lakini haukukunjika tena vizuri. Haungeweza kukanyaga klachi zaidi ya mara chache. Waruguru, aliyejifunza kuendesha trekta shambani kwa baba yake kabla hajaolewa, akaenda akachukua leseni na kuendelea na safari za Bungoma kila Jumanne na Ijumaa.

Gathii hakusema hapana, lakini pia hakuizoea hali ile. Siku za safari alikaa kwenye kiti karibu na dirisha la sebule na fimbo yake, akihesabu saa.

Jioni ile Waruguru alipomweleza, hakugeuka kutoka dirishani.

"Imezima wapi?"

"Matulo."

"Kila siku Matulo?"

"Si mimi ninachagua, Baba Kibe. Inazima yenyewe."

"Gari haijui Matulo," alisema Gathii. "Gari ni chuma."

Asubuhi yake alitoka nje akichechemea, akajivuta ndani ya pikapu, akaiwasha. Akaisikiliza. Akaendesha kwa gia moja kutoka langoni hadi dukani na kurudi, jasho likimtiririka kwa maumivu ya kukanyaga klachi. Gari halikutoa hata kikohozi.

Walimwita Kipruto, fundi wao wa miaka mingi. Alikuwa ameshabadilisha filta mara mbili. Sasa akafungua nozo zote nne za kunyunyizia dizeli, akazipeleka kupimwa, akazirudisha. Jumanne iliyofuata pikapu ilizima Matulo. Kipruto akaishusha pampu ya dizeli yenyewe, ikakaa kwenye meza ya mafundi siku mbili, ikarudi imefungwa upya. Ijumaa pikapu ikazima hatua hamsini kutoka langoni kwa Khaemba. Kipruto alijikuna kichwa. Alilijaribu gari mjini Kitale siku nzima, akapanda nalo mpaka hospitalini, akashuka nalo mpaka stesheni ya zamani, akabeba mawe nyuma. Halikuzima.

"Mimi sioni kitu, mama," alimwambia Waruguru, Gathii akiwa amesimama palepale. "Hii gari ikiwa na mimi iko sawa."

Waruguru aliyaona macho ya mumewe yakimtoka Kipruto na kumjia yeye.

Tangu siku hiyo hakulala vizuri. Usiku alisikia injini ikifa kichwani. Mchana, hata akiwa jikoni, mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu wenyewe, kana kwamba unatafuta nguvu iliyopotea. Barabarani hakuweza tena kuimba. Kuanzia Kamukuywa alikuwa amekaza mabega, akisikiliza kila mtetemo, akijiuliza kama ni leo au si leo. Mara nyingine ilikuwa si leo, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu ilimfanya atumaini.

*

Nderitu, mdogo wake Gathii, aliuza mbegu na mara kwa mara alisafiri kwenda Kisumu. Jumapili moja baada ya kanisa alikuja nyumbani kwa kaka yake. Waruguru alikuwa amebaki kwenye mkutano wa akina mama. Aliporudi alimkuta shemeji yake akiaga, na Gathii akiwa amenyamaza kwa namna ambayo hakuipenda.

Hakuambiwa lolote. Chakula kililiwa. Jumatatu ikapita.

Jumanne pikapu ilizima Matulo saa mbili na dakika arubaini. Mvua ilikuwa inanyesha. Waruguru alifunga vioo, akangoja kumwona mzee Khaemba akitokea kwenye miwa na kofia yake. Hakutokea. Dakika kumi zikapita, kisha ishirini. Alimwona Nanyama akitoka jikoni, akasimama barazani, akatazama upande wa barabara, akarudi ndani na kufunga mlango.

Waruguru alijifunika kichwa kwa leso, akashuka, akatembea kwenye tope mpaka mlangoni. Akabisha.

Nanyama alifungua, lakini hakusogea kumpisha.

"Mulembe, dada," alisema Waruguru. "Kwenu ni kuzuri? Mzee ni mgonjwa?"

"Mzee ako sawa. Nimemwambia asitoke."

"Kuna nini?"

Nanyama alimtazama kwa muda. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa kama mtu aliyechoka.

"Bwana yako alipiga simu juzi. Ile namba mzee alikupatia, ati siku gari ikikataa kabisa umpigie. Mimi ndiye nilichukua simu. Nikamsalimu vizuri, nikadhani umepata shida barabarani. Akaniambia, 'Mama, chunga bwana yako. Gari yangu haizimangi ikiwa na mtu mwingine.' Ati ndugu yake alipita hapa akawaona, nyinyi wawili, mmeinamia boneti mnacheka."

Waruguru alishika nguzo ya baraza.

"Na chai?" aliuliza. "Hakuiona chai? Si wewe ulikuwa umesimama hapo na birika?"

"Siku hiyo nilikuwa nimerudi kuchukua sukari." Nanyama alivuta pumzi. "Mimi najua ukweli, dada. Nilikuwa hapo. Lakini hiyo maneno ikishaingia kwa nyumba, hata kama ni ya uongo, inakaa kwa kiti. Mzee sasa hawezi kunitazama, na mimi siwezi kumtazama. Tafadhali, gari ikizima, zimia mbali kidogo."

Kisha akafunga mlango, polepole, bila kuubamiza.

Waruguru alirudi akakaa ndani ya pikapu. Mvua ilipiga paa juu ya kichwa chake. Alishuka akafungua boneti, akapampu mwenyewe, akaiwasha, na badala ya kuendelea Bungoma akageuza gari na mzigo wote, akarudi Kitale.

*

Alimkuta Gathii kwenye kiti chake dirishani. Hakuvua hata leso iliyolowa.

"Ulimpigia mke wa mzee Khaemba simu?"

Gathii alishika fimbo. "Nilipiga."

"Badala ya kuniuliza mimi."

"Nikuulize nini? Ungesema gari ilizima. Mimi nimeendesha hiyo gari, Waruguru. Kipruto ameendesha. Ni wewe peke yako inakuzimia, na inakuzimia mlangoni kwa mtu mmoja. Ungekuwa mimi ungefikiria nini?"

Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu Kibe azaliwe, miaka kumi na saba iliyopita.

"Ijumaa tunaenda wote," Waruguru alisema. "Utakaa pale mbele uone na macho yako."

Ijumaa wakaenda. Gathii alitaka wapitie kituo cha mafuta kwanza, na kwa mazoea yake ya udereva akaamuru tangi lijazwe mpaka juu. Waruguru hakubishana. Kiminini. Kamukuywa. Misikhu. Waruguru alisikiliza injini na, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, aliliomba gari lizime. Walipita miwa ya Khaemba. Walipita lango. Walipita kanisa. Wakafika Webuye, wakaingia barabara kuu, wakafika Bungoma saa tatu na nusu. Wakauza. Wakarudi. Gari lilikwenda kama maji.

Gathii hakusema neno hata moja mpaka walipofika nyumbani. Aliposhuka, akiegemea mlango, alisema tu, "Haya."

Afadhali angetukana.

*

Siku nne Waruguru alizunguka na lile "haya" moyoni. Alipanga kwenda kwa mama yake. Akakunja nguo, akazikunjua. Alipalilia shamba la maharagwe lisilohitaji kupaliliwa. Alipika akasahau chumvi. Alijiambia kwamba labda ni yeye kweli, labda kuna namna anakanyaga, kuna kitu mkono wake unafanya bila kujua. Akaketi ndani ya pikapu iliyosimama uani, akaweka mguu kwenye klachi, akaweka kwenye mafuta, akafikiria safari moja moja.

Akiwa ameketi hapo ndipo alipotazama mshale wa mafuta. Ulikuwa juu ya nusu bado, kutokana na mafuta ya Gathii.

Yeye hakuwahi kujaza tangi. Tangu aanze kuendesha aliweka ya safari tu, kidogo kidogo. Akitoka Kitale mshale uko nusu, akifika Matulo umeshuka chini ya hapo, na Webuye huongeza kidogo ya kumfikisha Bungoma. Na Kipruto, alipokuwa akijaribu gari mjini, alikuwa akiongeza mafuta kila mara ili yasimwishie. Na Gathii alikwenda dukani na kurudi tu, dakika tano.

Alishuka garini haraka hata akajigonga goti.

"Baba Kibe! Vaa viatu."

"Twende wapi?"

"Si Matulo. Twende Kachibora. Huko hakuna Khaemba."

Alizunguka naye kwanza. Alichukua barabara ya kwenda Cherangany, akapita mashamba ya mahindi, akafika Kachibora, akapinda, akapanda mlima, akashuka, akarudi Kachibora, akapinda tena. Gathii alidhani mkewe ameingiwa na wazimu.

"Mama Kibe, unatafuta nini?"

"Natafuta mshale ushuke."

Ulishuka. Walipokuwa wakipanda kwa mara ya tatu, mshale ukiwa chini kidogo ya nusu, gari likakosa nguvu. Waruguru aliinua mikono yake yote miwili kutoka kwenye usukani, akaiweka juu ya mapaja ili mumewe aione. Gari likatetemeka mara mbili, mara tatu, likanyamaza katikati ya mlima.

Kisha Gathii akafungua mlango, akashuka kwa shida, akaenda mbele. Akafungua boneti. Akabonyeza pampu ya mkono, ikazama. Waruguru alimwona akisimama pale, kidole kikiwa bado juu ya pampu, kichwa kimeinama. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika kutazama pampu.

"Si pampu," alisema mwishowe, bila kugeuka. "Si nozo. Kuna kitu ndani ya tangi."

Walingoja, ikawaka, wakaenda moja kwa moja kwa Kipruto. Mchana huohuo Kipruto alimwaga dizeli kwenye madebe, akafungua mikanda ya tangi, akalishusha chini. Akaingiza waya wenye ndoano. Akatoa kutu kidogo. Akaingiza tena, akavuta, na kikatoka kipande cha karatasi ya nailoni, nzito, kikubwa kama kiganja, cha aina inayowekwa ndani ya magunia ya mbolea. Kilikuwa kimelainika, kikichuruzika mafuta.

"Kumbe ni wewe!" Kipruto alicheka. "Mnaona? Tangi ikijaa hii inalala kwa kona, haina maneno. Mafuta ikipungua inachezacheza mpaka inafunika mdomo wa paipu. Gari inavuta, inavuta, inakosa. Ukizima ukangoja, inajiachilia. Sasa, nani aliweka nailoni kwa tangi?"

Waruguru alitikisa kichwa. Hakujua. Kipruto naye hakujua, alikuwa anauliza tu kama watu wanavyouliza. Angeitupa, na mambo yangeishia hapo.

"Ni mimi," Gathii alisema.

Wakamgeukia.

"Mwaka juzi, nikitoka Cheptais na vitunguu. Wezi waliiba kifuniko cha tangi. Nikakata nailoni ya mbolea nikaziba, nikafunga na mpira. Nilipofika hapa nikanunua kifuniko kipya. Ile nailoni sikuiona, nikasema imeanguka njiani. Haikuanguka njiani."

Kipruto aliacha kucheka. Alisema anaenda kutafuta sabuni ya kuoshea tangi, akakaa huko kitambo.

*

Kesho yake asubuhi Gathii alisema anataka kupelekwa Matulo. Waruguru alimpeleka, lakini hakushuka garini. Alisimamisha pikapu langoni, injini ikiendelea kunguruma, akamwona mumewe akitembea peke yake kati ya miwa, akichomeka fimbo kwenye udongo laini. Alitamani ageuze gari aondoke. Alitamani pia kusikia. Mwishowe akazima injini na kumfuata.

Khaemba alikuwa barazani. Nanyama alisimama mlangoni na mikono imefungwa kifuani. Hakuna aliyekuwa amemkaribisha Gathii kiti, naye hakuomba.

"Mzee, mimi ni Gathii. Ni mimi nilipiga simu," alisema. "Gari ilikuwa na takataka ndani ya tangi, na takataka ni mimi niliiweka. Mke wangu aliniambia ukweli kila siku. Nyinyi mlimsaidia, mkampa chai. Mimi nikawalipa na matusi. Nimekuja kuomba msamaha."

Khaemba alivua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Mimi nilitoka kwa hiyo miwa nikiona mama mwenye shida," alisema. "Ingekuwa mzee kama wewe, ningetoka vilevile." Kisha akainuka, akasema ndama wake hajanyweshwa maji, akazunguka nyuma ya nyumba.

Walibaki na Nanyama.

"Ulijua mimi nilihama hapa?" alimwuliza Gathii. "Baada ya mvua ile nilienda kwa dada yangu Cheptais. Siku sita. Watu wakaanza kuuliza, 'Nanyama amefukuzwa?' Miaka thelathini sijawahi kutoka kwa hii nyumba kwa ubaya. Nimerudi juzi."

"Sikujua, mama."

"Sasa umejua." Alifungua mikono iliyokuwa kifuani. "Nimekusamehe, juu dini inanilazimisha. Moyo utafuata nyuma, polepole. Usiuharakishe."

Kisha akamshika Waruguru mkono, akamsindikiza mpaka langoni. Nanyama aliuliza tu kama Ijumaa atapita, na Waruguru akasema atapita.

Njiani kurudi Kitale, Gathii alikaa akitazama mbele. Walipofika karibu na Kiminini alisema, "Na wewe sijakuomba msamaha."

"Nilikuambia mara ngapi kwamba gari inazima?" Waruguru aliuliza.

"Mara nyingi."

"Na Nderitu alikuambia mara ngapi?"

"Mara moja."

Waruguru alibadilisha gia.

*

Ijumaa Gathii alitoka na koti lake akitaka kumsindikiza. Waruguru alimwambia hapana, leo atakwenda peke yake. Aliondoka na mafuta chini ya nusu, kwa makusudi. Baada ya Misikhu mabega yake yalikaza yenyewe, na yakabaki yamekaza mpaka Webuye, ingawa injini haikubadilisha sauti hata kidogo. Alimpungia Nanyama mkono bila kusimama.

Kabla ya saa sita alikuwa ameuza kila kitu. Angeweza kurudi. Lakini alikaa ndani ya pikapu pembeni mwa soko, mlango wazi, akiwatazama watu, bila kujua anangoja nini. Alitembea mpaka mwisho wa mtaa, akarudi. Alinunua ndizi, hakuzila. Ilipofika saa tisa akaona hana tena sababu ya kukaa, akawasha gari.

Alifika Kitale jua likiwa bado juu ya miti. Gathii alikuwa langoni, amesimama kwa fimbo. Ulikuwa muda wa kawaida wa kumwuliza amepitia wapi, amechelewa na nani. Waruguru alizima injini, akaketi akimtazama kupitia kioo, akingoja swali hilo.

"Umekula?" Gathii aliuliza.

"Bado."

Gathii akageuka, akaelekea jikoni kwa mwendo wake wa kuchechemea. Waruguru alibaki garini, akasikia masufuria yakigongana, maji yakimwagwa, kiberiti kikiwashwa mara mbili. Alikaa humo mpaka Gathii alipomwita kula.